Wasomaji Wanauliza: Kurudi chuo ukubwani ili kufanya kazi ya sera

Maswali ya safari hii yametoka Unguja na Pemba, na takriban yote yana shina moja: mtu mzima mwenye kazi na familia arudi vipi chuo kikuu, ili akitoka aweze kushika kazi ya kutunga, kupanga na kupima sera za umma. Yale yanayowagusa wengi tumeyajibu kwa kirefu.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri wangu miaka 37. Nina shahada ya ualimu, GPA 3.1. Nataka kuhamia kwenye sera ya elimu. Nianze shahada ya kwanza upya, au nende masta? Na masta ya nini?*
Mwalimu, Chake Chake

Waalaykum salaam, mwalimu. Usianze upya. Shahada nyengine ya kwanza itakula miaka mitatu yako bila ya kukupa daraja jipya. GPA ya 3.1 ni daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7 na kuishia 3.4, na vyuo vingi vya Tanzania hupokea wanafunzi wa uzamili kuanzia hiyo 2.7. Mwenye 2.0 hadi 2.6 mlango haujamfungikia: asome kwanza stashahada ya uzamili, apate alama nzuri, kisha aombe masta. Aliyesoma nje, iwe Sudan, Malaysia au Uturuki, apeleke vyeti vyake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kupata utambuzi kabla ya kuomba chuo. Wapo wanaokosa muhula mzima kwa sababu ya karatasi hiyo moja tu.

Kwenye "masta ya nini" ndipo watu wengi wanapopotea. Wanachagua jina la kozi linalopendeza, halafu wakimaliza ndio wanatafuta pa kulipeleka. Anza upande wa pili. Andika sentensi moja inayosema ni jambo gani unataka liamuliwe vyengine, na nani hasa analiamua. Tuseme umeandika: "Walimu wa sayansi wanaopangwa skuli za vijijini Pemba hawakai." Sasa fuatilia. Je, kinachowaondoa ni posho na nyumba? Basi uamuzi uko kwenye bajeti, na unahitaji uchumi na mipango. Ni taratibu za kupangiwa kazi na uhamisho? Hapo utawala wa umma utakufaa zaidi. Au hakuna anayejua wangapi wameondoka, lini na kwa nini? Basi kinachokosekana ni kipimo, na wewe usomee takwimu, ufuatiliaji na tathmini.

Ukishajua unachokikosa, omba orodha ya masomo ya kozi, muhula kwa muhula, usitosheke na kipeperushi. Tafuta vitu vinne ndani yake: uchumi wa sekta ya umma, takwimu, uchambuzi wa sera, na tathmini ya programu. Kozi iliyojaa nadharia za uongozi na isiyo na hata somo moja la takwimu usiilipie, hata jina lake likiwa na neno "sera". Kwa karibu, angalia Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar, vyote vikiwa na kampasi Tunguu, na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait (SUMAIT) cha Chukwani. Kwa bara kuna Dar es Salaam, Dodoma na Mzumbe, ambacho kina historia ndefu ya kufundisha utawala wa umma. Kozi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hakikisha TCU wameiidhinisha kozi yenyewe; chuo kuwa na ithibati hakutoshi.

Ujue pia kazi inayokungoja, kwa sababu wengi wanaiwazia vyengine. Wizara za Zanzibar zina Idara ya Mipango, Sera na Utafiti. Afisa wa hapo hashindi anatunga sera mpya. Muda mwingi anaandaa mpango wa mwaka na makadirio, anakusanya taarifa za robo mwaka, anatayarisha majibu ya hoja za Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na anasoma rasimu za wengine kabla hazijafika Baraza la Mapinduzi. Ni kazi ya subira na ya hesabu. Uzoefu wako wa skulini ni mali kubwa hapo, kwa kuwa wengi wanaopanga mambo ya darasani hawajawahi kusimama mbele ya darasa.

*Ndugu wahariri, mimi ni mtumishi wa wizara hapa mjini. Nimekubaliwa chuo cha bara na masomo yanaanza karibuni. Mkuu wangu ananiambia niende tu, barua ya ruhusa itafuata. Nifanye nini?*
Afisa, Unguja

Usiondoke bila ya barua. Mkuu wako anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini akihamishwa wiki ijayo, neno lake halimo kwenye faili. Anayekuja atakuta mtumishi hayupo kazini na hakuna karatasi, na hesabu yake itakuwa utoro. Mshahara unasimama, na kuurudisha ni kazi ya miezi.

Andika barua kwa Katibu Mkuu kupitia mkuu wa idara yako. Aliye Pemba apitishe kwa Afisa Mdhamini, anayeisimamia wizara huko. Ambatisha barua ya kukubaliwa na chuo, orodha ya masomo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na maelezo ya nani analipa. Taja kama fani hiyo imo kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi yako. Kama haimo, omba iingizwe mwaka unaofuata, kwani ombi lililo nje ya mpango ndilo la kwanza kukataliwa. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ukipewa mkataba wa mafunzo, usome mstari kwa mstari kabla ya kutia saini. Tafuta humo miaka unayotakiwa kutumikia baada ya kurudi, kiasi utakachorejesha ukiacha kazi au ukifeli, kama mshahara utaendelea kamili, na utarudi kwenye kazi ipi. Hili la mwisho huachwa kimya, na ndilo linalouma: mtu anarudi na masta ya uchambuzi wa sera anakabidhiwa kazi ileile ya kupokea barua. Omba liandikwe.

Hatari nyengine huja mwishoni. Masomo ya darasani yanakwisha kwa wakati, tasnifu inachelewa, na ruhusa inamalizika ukiwa bado chuo. Omba nyongeza miezi mitatu kabla, pamoja na barua ya msimamizi wako inayoeleza umefika wapi.

*Niliacha hisabati kidato cha nne na sikuwa mzuri. Nikisikia kozi za sera zina takwimu, moyo unakwenda mbio. Je, nitaweza?*
Msomaji, Wete

Utaweza, kama utaanza kabla ya chuo na si ndani ya chuo. Hisabati inayotumika kwenye sera si ya kutisha. Inachohitaji ni uangalifu. Tazama mfano huu, ambao unahusu nyumbani.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Ongezeko ni watu 586,204, yaani asilimia 45 kwa miaka kumi. Hapo wengi hugawa 45 kwa 10 wakaandika kwamba watu wanaongezeka kwa asilimia 4.5 kila mwaka. Si sahihi. Waliozaliwa au kuhamia mwaka wa kwanza nao wanaingia kwenye hesabu ya mwaka wa pili, kwa hiyo kasi ya kweli ni ndogo kuliko hiyo. Fungua Excel, andika =LN(1889773/1303569)/10 (LN ni logi asilia), utapata 0.037, yaani asilimia 3.7 kwa mwaka. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini kwa kasi ya 4.5 watu wanakuwa mara mbili kwa miaka 15 hivi, na kwa 3.7 ni karibu miaka 19. Anayepanga madarasa, visima na vituo vya afya hawezi kukosea miaka minne.

Usiishie hapo. Igawe hesabu kwa visiwa. Unguja ilitoka 896,721 ikafika 1,346,332, sawa na asilimia 4.1 kwa mwaka. Pemba ilitoka 406,848 ikafika 543,441, asilimia 2.9. Kumbe ile 3.7 ya Zanzibar nzima haikielezi sawasawa kisiwa chochote kati ya viwili. Ukilielewa hili umeshaanza kuchambua sera, na ulichotumia ni kugawanya na kitufe kimoja cha Excel.

Jipe wiki nane hadi kumi, saa moja kila siku. Wiki tatu za mwanzo rudia asilimia, uwiano, mlinganyo wa mstari na logi kutoka vitabu vya sekondari. Zinazofuata soma wastani, mchepuko na jinsi sampuli inavyochaguliwa, ukifanya mazoezi kwa takwimu za Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Mwisho jifunze Excel vizuri, kisha uonje R, ambayo ni programu ya bure ya takwimu. Usinunue nakala ya wizi ya programu za kulipia. Faili zikiharibika katikati ya tasnifu hutokuwa na wa kumlalamikia.

*Nina watoto watatu na kazi ya saa nane kwa siku. Naambiwa masta ya jioni au ya masafa "haina kazi kubwa". Kweli?*
Mama, Mkoani

Si kweli, dada yetu, na aliyekwambia hivyo amekudhulumu. Masta Tanzania ina krediti zisizopungua 180, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kipindi, kusoma, kuandika, yote pamoja. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miezi 18, yaani wiki 78, unapata saa 23 kwa wiki. Ukisoma saa mbili kila usiku Jumatatu hadi Ijumaa umepata 10. Zinabaki 13 za Jumamosi na Jumapili, kila wiki, ukiwemo mwezi wa Ramadhani na wiki ya mtihani wa mwanao.

Kama hilo halibebeki, refusha muda tangu mwanzo. Kwa miaka mitatu inakuwa saa 11 hadi 12 kwa wiki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimejengwa kwa watu wa hali yako na kina huduma Unguja na Pemba, hivyo huhitaji kuvuka bahari kwa kila jambo. Uliza kabla ya kujisajili muda wa juu wa kumaliza ni miaka mingapi, na mitihani inafanyika wapi. Ndani ya nyumba pia pawe na makubaliano: nani anapika siku zipi, nani anawaangalia watoto wanapodurusu. Makubaliano yasiyotamkwa huvunjika wiki ya pili.

*Nani anafadhili masta ya sera?*
Kijana, Mwanakwerekwe

Anza na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Kama ulisoma shahada ya kwanza kwa mkopo, chukua kwanza taarifa ya deni lako ujue umesimama wapi.

Kwa nje, soma sharti la uzoefu kabla ya kitu chengine chochote, kwa sababu ndilo linalowatoa vijana wengi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, na dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Unachagua kozi tatu, na baada ya kumaliza unatakiwa urudi nchini kwa miaka miwili. Ufadhili wa pamoja wa Japani na Benki ya Dunia unataka miaka mitatu ya kazi ya maendeleo yenye malipo. Ujerumani ina programu ya Helmut Schmidt chini ya DAAD, shirika lake la ufadhili wa masomo, mahsusi kwa sera za umma na utawala bora. Korea Kusini kupitia KOICA, shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, huchukua watumishi wa umma wanaopendekezwa na serikali, kwa hiyo mlango wake uko ofisini kwako.

Cheti cha IELTS, mtihani wa Kiingereza, kinahesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili, basi usiufanye mtihani mapema mno. Anayekuandikia barua ya udhamini mpe wiki tatu na umpe kwa maandishi kazi mlizofanya pamoja. Barua inayosema tu wewe ni mwaminifu na mchapakazi haikusaidii.

*Niliomba masta na pendekezo langu la utafiti lilikuwa "Changamoto za Wakulima wa Mwani Zanzibar". Nimerudishiwa kwamba ni pana mno. Nafanya kazi na vikundi vya mwani na jambo hili naliishi kila siku. Upana uko wapi?*
Mratibu wa vikundi, Paje

Upana uko kwenye neno "changamoto". Kichwa kama hicho kinakuruhusu kuorodhesha kila tatizo na hakikulazimishi kuchagua. Kazi ya sera inaanzia pale fedha ni kidogo na lazima mtu achague, kwa hiyo geuza kichwa kiwe uamuzi ambao mtu fulani anatakiwa kuufanya.

Wewe unajua kuliko sisi kwamba mwani aina ya kotonii una bei nzuri lakini unakufa maji ya kina kifupi yakipata moto, na aina ya spinosamu inastahamili ila bei yake ni ndogo. Kutoka hapo uamuzi unajitokeza: Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ikiwa na fungu moja la fedha, iliweke kwenye kilimo cha kina kirefu (vyombo, kamba, maboya, mafunzo ya kuogelea), au kwenye chanja za kuanikia na maghala, ili hiyo spinosamu iliyopo ikauke safi na iuzwe kwa bei bora? Ongeza na chaguo la tatu, ambalo wanafunzi hulisahau: kuacha mambo yalivyo. Bila ya hilo huna cha kulinganishia.

Kila chaguo lipime kwa maswali yaleyale. Linagharimu kiasi gani kwa mkulima mmoja, ukihesabu matengenezo na si ununuzi tu? Nani atalisimamia mwaka wa tatu, mradi ukishaondoka? Linaweza kuanza mwaka upi wa fedha? Na nani atafaidika hasa? Swali hili la mwisho ndilo litakaloipa kazi yako uzito. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao hawaogelei wala hawana chombo. Mpango wa kina kirefu unaweza kuongeza mavuno ya nchi na papo hapo ukawahamishia wanaume wenye vyombo kipato cha wanawake. Mchambuzi asiyeijua Paje hatoliona hilo kwenye jedwali lake. Wewe utaliona, na ndiyo sababu tunataka watu kama wewe warudi chuo.

Jizoeze pia muhtasari wa sera, maana huo ndio utakaouandika kazini zaidi ya tasnifu. Kurasa mbili, nne zikizidi. Aya ya kwanza ina pendekezo na gharama yake, si historia ya zao tangu lilipoanza. Kisha tatizo kwa takwimu mbili tatu, machaguo, sababu ya kuchagua ulilochagua, na nini kinaweza kwenda kombo. Usiandike "serikali ifanye". Serikali haina mkono mmoja. Taja idara. Na uangalie kalenda: mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti zinajadiliwa Barazani Mei na Juni, hivyo wizara zinakuwa zimeshafunga hesabu zao mapema. Muhtasari mzuri unaofika Mei umekwisha kuchelewa mwaka mzima.

Kwa mazoezi, chukua hotuba ya bajeti ya wizara moja. Tafuta fedha zilizoidhinishwa kwa programu fulani, fedha zilizoingia kweli, na zilizotumika. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili linaeleza kwa nini sera nyingi zilizoandikwa vizuri hazionekani vijijini.

*Nasoma bara, utafiti wangu ni wa huduma za afya Zanzibar. Msimamizi wangu anasema nitumie sera ya afya ya Tanzania na kibali cha chuo kinatosha. Ni sawa?*
Mwanafunzi, kutoka Micheweni

Hapana. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina orodha ya Mambo ya Muungano 22, na afya haimo. Zanzibar ina wizara yake ya afya, sera yake na bajeti yake. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, ndiyo maana chuo, kiwe Tunguu au Dodoma, kiko chini ya TCU ileile, lakini elimu ya msingi na sekondari, maji, ardhi na kilimo ni mambo ya Zanzibar yenyewe. Tasnifu inayonukuu sera ya bara kueleza kituo cha afya cha Micheweni itaanguka kwenye utetezi, ikiwa mtahini mmoja tu anatoka huku.

Kibali cha chuo nacho hakitoshi. Unahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kwa kuwa ni afya, upate pia idhini ya maadili ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI). Peleka maombi ukiwa na dodoso la Kiswahili tayari, si la Kiingereza utakalolitafsiri kijijini. Ukishapata vibali pita ofisi ya wilaya, kisha kwa sheha wa kila shehia kabla ya kugonga mlango wa kwanza. Weka miezi miwili hadi mitatu kwenye ratiba yako kwa hatua hizi peke yake, na usikate tiketi ya boti kabla vibali havijafika mkononi.